Kufanya mazoezi ya mwili ukiwa na kifafa: mwongozo kwa wagonjwa, wazazi na walimu wa Dodoma

Kila mwalimu aliyewahi kusimamia mchakamchaka wa asubuhi katika shule za Dodoma anamfahamu mtoto anayebaki chini ya mti akilinda masweta na mikoba ya wenzake. Ukiuliza sababu, utajibiwa kwa sauti ya chini kwamba huyo huwa anaanguka. Nimefundisha michezo katika shule za msingi kwa miaka mingi, na kwa sehemu kubwa ya miaka hiyo nami niliwakalisha watoto wa namna hiyo kivulini nikiamini kwamba ninawalinda. Nyumbani kwetu mambo yalikuwa hivyohivyo. Mdogo wangu wa kike alianza kuanguka kifafa akiwa darasa la tatu, na tangu siku hiyo alikatazwa kukimbia, kucheza rede, kuruka kamba na kwenda kisimani, hata akafikisha miaka ishirini akiwa mnene kupita kiasi, mwenye usingizi wa kushtukashtuka, asiye na rafiki wa kumtembelea, na bado alikuwa anaanguka kama zamani. Kukaa kitako hakukumkinga na kitu.

Mwongozo huu ni kwa ajili ya mgonjwa anayetaka kuanza mazoezi, mzazi anayeogopa kumruhusu, na mwalimu mwenzangu ambaye hajui afanye nini na mtoto aliye chini ya mti. Lakini jambo moja lazima litangulie yote, nalo ni dawa. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba watu wapatao milioni 50 duniani wana kifafa, na kwamba hadi asilimia 70 kati yao wangeweza kuishi bila kuanguka endapo wangepimwa vizuri na kupata dawa zinazowafaa. Mazoezi huja baada ya hapo kama msaidizi wa dawa. Mtu anayeacha vidonge kwa sababu ameanza kukimbia na anajisikia mwenye nguvu anajitafutia balaa, kwa kuwa kuacha ghafla dawa za kifafa kunaweza kuleta mashambulio mfululizo yasiyokatika, ambayo huua.

Mazoezi yanaufanyia nini ubongo wenye kifafa

Hofu tuliyonayo haikuanzia kwetu. Mwaka 1968 Chama cha Madaktari cha Marekani kilishauri watu wenye kifafa wasishiriki michezo ya kugongana miili, na mwaka 1974 chama hichohicho kikabadili msimamo baada ya kuona kwamba ushauri ule haukuwa na ushahidi wa kutosha. Mwaka 2016 Shirikisho la Kimataifa la Kupambana na Kifafa lilitoa mwongozo wake, likaigawa michezo katika makundi matatu kwa kadiri ya hatari inayomkabili mtu akipoteza fahamu akiwa katikati ya mchezo, na sehemu kubwa ya michezo tunayocheza viwanjani kwetu iliwekwa katika kundi ambalo halina hatari ya ziada yenye uzito. Habari hizo zimechelewa mno kufika katika ofisi za walimu na sebule za wazazi.

Wengi huogopa kule kuhema. Hofu hiyo ina mzizi wa kweli, kwa hiyo yafaa ielezwe kwa utulivu. Katika kipimo cha umeme wa ubongo, kile ambacho mgonjwa hubandikwa nyaya kichwani, mtaalamu humwambia mgonjwa apumue kwa nguvu na kwa haraka kwa dakika tatu hivi akiwa ametulia kitini, kwa makusudi ya kuona kama kifafa kitajitokeza, hasa kile cha kuduwaa ambacho mtoto hukatika ghafla akakodoa macho kwa sekunde chache. Kupumua haraka wakati mwili umetulia huifukuza hewa ya kabonidioksaidi kutoka katika damu kupita kiasi, damu hupungukiwa asidi, na seli za ubongo huwa nyepesi kuchochewa. Mtu anayekimbia naye anahema, lakini misuli yake inatengeneza kabonidioksaidi nyingi na asidi pia, na kuhema kwake ni njia ya mwili kuondoa ziada hiyo. Hali ya damu yake haifanani na ya yule aliyekaa kitini. Ndiyo maana wapimaji waliofuatilia umeme wa ubongo wakati wa mazoezi wameona mara nyingi kwamba mawimbi ya kifafa hupungua mtu anapojishughulisha, na pengine hurudi anapopumzika.

Katika uchunguzi uliochapishwa mwaka 1999 nchini Norwe, wagonjwa 204 ambao ni watu wazima waliulizwa juu ya mazoezi na kifafa chao. Wengi hawakuona madhara yoyote, asilimia 36 walisema mazoezi ya mara kwa mara yanawasaidia kudhibiti kuanguka, na karibu asilimia 10 walionekana kuchochewa na mazoezi. Kabla ya hapo, katika nchi hiyohiyo, wanawake 15 ambao kifafa chao kilikuwa kimegoma kusikia dawa walifanya mazoezi ya kucheza kwa muziki mara mbili kwa wiki, kila kipindi dakika 60, kwa wiki 15, na idadi ya mashambulio yao ikapungua katika kipindi hicho. Kundi la watu 15 ni dogo, na mimi siwezi kumwahidi mtu yeyote kwamba ataanguka mara chache zaidi kwa sababu anakimbia. Ninachoweza kusema ni kwamba wengi hawadhuriki, baadhi hupata nafuu, na wachache huchochewa, na kwamba mgonjwa atajua yuko kundi gani kwa kujaribu polepole huku akiandika kinachotokea.

Namna mazoezi yanavyosaidia haijafungwa katika sababu moja. Wanasayansi hutaja kemikali ambazo mwili huzitoa wakati wa kazi, kama endofini na adenosini, ambazo hutuliza seli za ubongo. Kwa maoni yangu njia zilizo wazi zaidi ni zile ambazo hata mama mzazi anaweza kuziona kwa macho: anayefanya mazoezi hulala vizuri, hupungukiwa na mawazo, na huchangamka. Kukosa usingizi na msongo wa mawazo ni miongoni mwa vichocheo vikubwa vya kifafa, na sonona huwapata watu wenye kifafa zaidi kuliko watu wengine. Zaidi ya hayo, dawa za kifafa kama fenobabitoni, fenitoini na kabamazepini zikitumiwa kwa miaka mingi zinaweza kudhoofisha mifupa, wakati sodiamu valproeti huwafanya wengi waongezeke uzito. Kutembea, kukimbia na kuruka huimarisha mfupa na kupunguza uzito.

Kabla ya siku ya kwanza

Nenda kliniki unakochukulia dawa, iwe ni zahanati, kituo cha afya, hospitali ya mkoa, Benjamin Mkapa au Mirembe, ukamweleze mhudumu kwamba unataka kuanza mazoezi. Wapo wanaoona haya kuonekana Mirembe kwa sababu jamii inaihesabu kuwa ni hospitali ya wendawazimu, na kwa haya hiyo wanakosa dawa mwezi mzima. Wagonjwa wengi wa kifafa nchini huhudumiwa kupitia kliniki za afya ya akili, na hakuna aibu yoyote katika kupanga foleni ya dawa inayokuweka wima.

Muulize mhudumu aina ya kifafa chako, muulize kama dawa zako zinaathiri jasho au chumvi ya mwili, na mkumbuke pamoja mara ya mwisho uliyoanguka na ulichokuwa unafanya. Kama umewahi kuzimia ukiwa katikati ya mbio au mara tu baada ya kushtuliwa, liseme hilo waziwazi. Kuna magonjwa ya mapigo ya moyo ambayo humwangusha kijana akiwa anakimbia, naye hutikisika kidogo kwa kukosa damu kichwani, watu wakasema ni kifafa. Anayeanguka kwa namna hiyo anahitaji kupimwa umeme wa moyo kabla ya kuruhusiwa uwanjani, na kosa katika jambo hili haliwezi kurekebishwa baadaye.

Kisha nunua daftari. Kila siku andika saa uliyolala na uliyoamka, kama umemeza dawa na saa ngapi, zoezi ulilofanya na dakika zake, jua lilikuwaje, na kama kulikuwa na dalili yoyote, hata kule kuduwaa kidogo au mkono kurukaruka asubuhi. Asiyejua kuandika asaidiwe na mtoto wa nyumbani. Kama kwa sasa unaanguka mara nyingi, au dawa zimebadilishwa majuzi, au una homa, subiri kwanza hali itulie. Malaria na homa nyingine huchochea kifafa zenyewe bila msaada wa mbio.

Kuchagua zoezi

Swali la kujiuliza ni hili: nikianguka hapa nilipo sasa hivi bila kujua, nitaangukia nini? Ukijibu kwamba utaangukia mchanga, majani au uwanja wa udongo, zoezi hilo linakufaa kuanzia. Ukijibu kwamba utaangukia maji, moto, barabara ya magari au jabali, zoezi hilo ama lina masharti ama liachwe.

Katika mwongozo wa mwaka 2016, mbio za uwanjani, mpira wa miguu, mpira wa wavu, mpira wa kikapu na kucheza ngoma vimo katika kundi la kwanza, lile lisilo na hatari ya ziada yenye uzito. Kwa mantiki hiyohiyo nathubutu kuweka hapo netiboli, rede, kuruka kamba na kutembea kwa haraka. Ngoma naipa nafasi ya pekee. Wagogo ni watu wa ngoma, na mwanamke anayecheza muheme kwa nusu saa amefanya zoezi kamili la moyo, mapafu na miguu, akiwa katikati ya wenzake ambao wote wanamwona. Sharti lake ni kwamba ngoma isiwe ya kukesha wala isiambatane na pombe, kwa kuwa mkesha na ulevi ni wachochezi wakubwa wa kifafa kuliko mchezo wowote ninaoufahamu.

Kundi la pili lina baiskeli, kuogelea, kunyanyua vyuma na ngumi. Ngumi singemshauri mtu yeyote ambaye ubongo wake tayari una jeraha. Baiskeli ni chombo cha maisha kwetu, na kumkataza mtu wa Bahi au Chamwino asipande baiskeli ni kumkata miguu, kwa hiyo nasema hivi: kama bado unaanguka, usiendeshe kwenye barabara ya lami, kama umekaa muda mrefu bila kuanguka na daktari ameridhia, endesha kwenye njia za vumbi zisizo na magari, ukiwa na mwenzako na kofia ngumu. Vyuma visinyanyuliwe juu ya kichwa wala ukiwa umelala chali peke yako.

Kwa maji naomba nisikilizwe kwa makini zaidi. Watu wenye kifafa hufa maji mara nyingi zaidi ya kumi kuliko watu wasio na kifafa, na mtu anapopatwa na shambulio majini hapigi kelele wala hatapitapi, bali huzama kimya. Kuogelea kunawezekana katika bwawa la kuogelea lenye maji maangavu, yasiyozidi kifua, na mtu mzima mwenye nguvu za kukunyanyua akiwa karibu yako ndani ya maji na si ukingoni. Bwawa la Hombolo na malambo ya mifugo hayafai hata ukiwa na wenzako kumi, kwa sababu maji yake ni ya tope na aliyezama haonekani. Hali kadhalika visima vinavyochimbwa mchangani wakati wa kiangazi: mgonjwa asiiname kisimani peke yake.

Kundi la tatu linataja kupanda miamba, kuzamia, mashindano ya pikipiki na mengine ya jinsi hiyo. Hapa kwetu penye majabali kila upande, vijana hupenda kuparamia mawe makubwa ili waone mji. Mwenye kifafa azunguke mlima kwa chini.

Wiki za mwanzo

Mtu aliyekalishwa kwa miaka hawezi kuanza kwa mchakamchaka. Katika wiki mbili za kwanza tembea dakika 10 hadi 15, siku moja ndiyo na siku moja hapana, kwa mwendo ambao unaweza kuzungumza bila kukatika pumzi lakini huwezi kuimba. Kuanzia wiki ya tatu ongeza dakika tano kila wiki, kisha ongeza siku, mpaka ufikie dakika 30 kwa siku tano za wiki, ambazo ni dakika 150, kiwango cha chini ambacho Shirika la Afya Duniani linakipendekeza kwa mtu mzima yeyote, mwenye kifafa au asiye nacho. Watoto wanahitaji wastani wa dakika 60 kila siku, na wengi wa watoto wa vijijini huzipata kwa kucheza tu, isipokuwa yule tuliyemkalisha.

Ukishatembea kwa mwezi mmoja na nusu bila tatizo, changanya mbio ndogo: kimbia dakika moja, tembea mbili, rudia mara sita. Mdogo wangu alichukua miezi mitano kufika hapo, na sikumharakisha. Mazoezi ya nguvu yafanywe kwa uzito wa mwili wenyewe, kama kuchuchumaa na kusimama, au kujisukuma mikono ikiwa ukutani, mara mbili kwa wiki.

Kila kipindi kianze na dakika tano hadi kumi za kupasha mwili moto na kiishie kwa mwendo wa polepole, wala kisikatwe ghafla. Nimesema hapo juu kwamba kwa baadhi ya watu mawimbi ya kifafa hurudi wakati wa mapumziko, na kwa hiyo nusu saa ya kwanza baada ya zoezi si wakati wa kwenda peke yako kisimani, bafuni au jikoni. Kaa na wenzako, kunywa maji, nyoosha viungo. Pia epuka kujikamua hadi nguvu ya mwisho. Uchovu uliopitiliza humchochea mtu ambaye zoezi la wastani halimgusi kabisa, na anayetaka kushindana atahitaji miezi mingi ya maandalizi pamoja na ruhusa ya daktari.

Jua, maji, chakula na usingizi

Dodoma iko juu ya bahari kwa mita 1,100 hivi, hewa yake ni kavu, na jasho hukauka kabla hujaliona. Mtu hupungukiwa maji akidhani hajatoka jasho. Mwezi wa Oktoba na Novemba, kabla mvua hazijaanza, jua la saa sita mchana linaweza kumwangusha hata mzima. Mazoezi yafanyike kabla ya saa tatu asubuhi au kuanzia saa kumi na moja jioni, kwa kofia na nguo nyepesi. Anayetumia topirameti awe mwangalifu maradufu, na hasa mtoto, kwa kuwa dawa hiyo inaweza kupunguza jasho na kuufanya mwili ushindwe kujipoza.

Kunywa maji kidogokidogo kabla, katikati na baada. Usibugie lita mbili za maji matupu kwa mkupuo, kwa maana maji mengi mno hupunguza chumvi katika damu, na upungufu huo wenyewe huleta mashambulio. Wanaotumia kabamazepini wako karibu zaidi na hatari hiyo kwa sababu dawa yao nayo hushusha chumvi hiyo. Uji wenye chumvi kidogo, au chakula cha kawaida baada ya zoezi, hutosha.

Asubuhi ina jambo lake. Wapo vijana ambao kifafa chao hupenda kuja katika saa moja au mbili za mwanzo baada ya kuamka, mara nyingi kikitanguliwa na mikono kurukaruka hata kikombe cha chai kikawaponyoka. Hao wasikurupushwe saa kumi na moja alfajiri kwenda kukimbia. Waamke kwa wakati wao, wameze dawa, wale, na mazoezi yao yawe ya jioni. Kinachowaangusha wanafunzi wa bweni katika mchakamchaka, kwa jinsi nilivyoona, mara nyingi ni usingizi uliokatwa na tumbo tupu, ila lawama hupewa mbio. Usiku ambao mtu hakulala, iwe kwa mkesha wa ibada, msiba au safari, kesho yake ni siku ya kupumzika.

Dawa zinywewe kwa saa zilezile ulizopangiwa. Usiongeze kidonge kwa sababu ya mechi, wala usiruke dozi ya fenobabitoni ili usisinzie uwanjani. Usingizi ukizidi, mweleze daktari naye ataangalia kiwango au saa ya kumeza. Wanaofunga Ramadhani wazungumze naye mapema juu ya saa za dozi, na mazoezi ya mwezi huo yawe mepesi, baada ya kufuturu.

Mwenzi wa mazoezi, na la kufanya mtu akianguka

Usifanye mazoezi peke yako katika miezi ya mwanzo. Mwenzi wako hahitaji kuwa mganga. Anahitaji kujua jina la dawa zako, namba ya simu ya nyumbani, na mambo yafuatayo, ambayo niliwafundisha wanafunzi wa darasa la nne nao wakayashika kwa kipindi kimoja.

Mtu akianguka, angalia saa. Ondoa mawe na vitu vigumu vilivyo karibu, mwekee sweta au kanga chini ya kichwa, legeza kola, na umgeuze alale ubavu mara inapowezekana ili mate na povu vitoke nje. Usimshike kwa nguvu ili asitikisike. Usimtie kijiko, kijiti wala kidole mdomoni, usimmwagie maji, wala usimnyweshe chochote mpaka azinduke kabisa. Povu haliambukizi kifafa. Nalisisitiza hili kwa uchungu, maana nimeona mtoto akiachwa akijigonga kichwa kwenye zege huku watu wazima wamemzunguka kwa umbali wakiogopa mate yake. Shambulio likipita dakika tano, au jingine likaja kabla hajazinduka, au ameumia, au anapumua kwa shida, au ni mjamzito, au ni mara yake ya kwanza, apelekwe hospitali mara moja kwa chombo chochote kinachopatikana. Aliyeshikwa akiwa majini ainuliwe kichwa juu ya maji papo hapo na apelekwe hospitali hata kama anaonekana mzima. Kwa wengine, kaa naye hadi aseme jina lake na mahali alipo, umsindikize nyumbani, na siku hiyo iishie hapo.

Kwa mkulima na mama wa nyumbani

Kwa watu wengi wa vijiji vyetu mazoezi hayana jina hilo. Yanaitwa kulima, kuteka maji na kuchanja kuni. Kulima mtama kwa jembe la mkono saa nne mfululizo ni kazi nzito kuliko mbio za asubuhi, na inafanywa juani, mara nyingi bila chakula. Mwenye kifafa alime, kwa kuwa shamba ni afya na ni heshima, lakini aanze mapema, apumzike kivulini kila baada ya saa moja, anywe uji, na awe pamoja na ndugu. Abebe ndoo ya lita 10 badala ya 20. Shoka na panga amwachie mwingine maadamu bado anaanguka, na mafiga yazungushiwe ukuta mfupi wa udongo, kwa sababu makovu ya moto tunayoyaona kwa wagonjwa wengi yametokana na kuangukia mafiga, si kucheza.

Kwa walimu wenzangu

Mama mmoja alinijia na kusema, "Mwalimu, nakuomba mwanangu asikimbie, nitampoteza." Nilimjibu, "Mama, nipe ruhusa atembee uwanjani mbele ya macho yangu kwa mwezi mmoja, nawe uje kutazama siku yoyote utakayo." Alikuja mara tatu, ya nne akamtuma mtoto na viatu vya michezo. Usimlazimishe mzazi kwa ubishi, mwite aone. Omba barua kutoka kliniki, iweke ofisini, waeleze wanafunzi wote la kufanya mwenzao akianguka, na umpange mtoto acheze katikati ya timu badala ya pembeni karibu na ukuta au barabara.

Watoto wataniuliza, kama walivyowahi kuniuliza, endapo mtu mwenye kifafa anaweza kuwa bingwa. Kanda hii ya kati inajua maana ya ubingwa, kwani Alphonce Simbu wa Singida alitwaa ubingwa wa dunia wa marathoni mwaka 2025. Nao waambiwe habari za Dai Greene wa Wales, mwenye kifafa, aliyekuwa bingwa wa dunia wa mbio za mita 400 kuruka viunzi mwaka 2011, na za Marion Clignet, mwendesha baiskeli wa Ufaransa mwenye kifafa, aliyepata medali za fedha katika Olimpiki za 1996 na 2000.

Ukianguka baada ya kuanza mazoezi

Usihitimishe siku hiyohiyo kwamba mazoezi ndiyo yaliyosababisha. Fungua daftari, soma siku tatu zilizotangulia: je, ulikosa dozi, ulilala saa ngapi, ulikuwa na homa, ulifanya zoezi juani bila kula, ulikuwa karibu na siku zako za mwezi? Pumzika siku mbili au tatu mpaka uchovu na maumivu ya misuli yaishe, kisha rudi kwa nusu ya dakika ulizokuwa umefikia. Ukiona umeanguka mara mbili au zaidi katika zoezi lilelile, au muda mfupi baada yake, acha zoezi hilo na urudi kliniki, kwa kuwa huenda uko miongoni mwa wale wachache wanaochochewa, na daktari anaweza kubadili dawa, kukupunguzia ukali wa zoezi au kukuchagulia jingine. Peleka daftari lenyewe, ulifungue mezani, ukurasa wa siku ulizoanguka ukiwa umekunjwa pembe ili aupate kwa haraka, maana foleni ya nje ni ndefu na dakika zako mbele yake ni chache.